Mwendo wa Lutengano

Mchoro ulikuwa unatembea.

Ambakisye alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akidhani giza la ghala lile la viazi linamdanganya macho. Halikumdanganya. Kwenye kioo kidogo kilichochomolewa tumboni mwa nyigu, mashine ya adui ya kuruka iliyotunguliwa asubuhi hiyo, mtu wa mistari ya penseli, asiye na uso, alikuwa anakwenda, anakwenda tu, bega la kushoto likitangulia na goti la kulia likichelewa kidogo. Kisigino chake kilikuwa na kamkia kembamba ka mstari. Kamkia hako Ambakisye alikuwa akikaweka tangu enzi za kuchora vibao vya vinyozi na saluni mjini, na hakumjua mchoraji mwingine aliyekaweka.

"Huyu ni Lutengano," alisema, na sauti ikamtoka kama si yake.

"Alikuwa," Fundi Kihwelo alimsahihisha bila kumtazama. Kabla ya vita fundi huyu alikuwa akitengeneza redio na pasi. Sasa kazi yake ilikuwa kupasua matumbo ya mashine za adui. Waliteremka naye humo ghalani, chini ya udongo, kwa sababu umeme kidogo tu ukiwashwa juu, nyigu wote wa bondeni wangeunusa na kuja. "Unauona mstari mwekundu uliomkata kifuani? Maana yake kazi imekwisha. Nyigu akikutana tena na mwendo huo anaupita, hana shida nao. Kila nyigu ana mwiba mmoja tu. Maadui hawataki aupoteze kwa mtu waliyekwisha kumuua."

Akabonyeza. Akaja Sajini Mwampamba na ule mwendo wake wa kubinua kifua, naye amekatwa nyekundu. Akaja Nkundwe wa mzinga, nyekundu. Kisha akaja mwanamke mrefu mwenye koti la kiofisa, mkono mmoja mgongoni, anakanyaga polepole kama anaipima ardhi. Huyu hakuwa na mstari mwekundu.

Kapteni Sekela, aliyesimama nyuma yao muda wote, alijitazama anavyotembea.

"Kumbe nina mwendo mzuri," alisema mwishowe.

*

Sasa mtu wa mbali angeuliza: jamani, katika zama za mashine zinazoruka na kuchagua mtu wa kumuua, jeshi linataka mchoraji wa nini?

Picha za mashine zilikwisha kufa zamani, ndugu yangu. Ilifika mahali mtu akitaka anakutengenezea picha ya mazishi yako na wewe uko jikoni unakunywa uji. Watu wakachoka kudanganywa, wakaacha kuamini picha yoyote, hata za harusi zao wenyewe. Kilichobaki kuaminika kilikuwa mkono wa mchoraji wa kiapo, mtu aliyeapa mbele ya watu kwamba hatachora ila alichokiona kwa macho yake mawili. Zaidi ya hapo, kamera ina umeme, na umeme huita nyigu. Penseli haina umeme.

Basi Ambakisye akapandishwa milimani, kwenye baridi na ukungu na mashamba ya pareto yaliyochimbwa mahandaki, akapewa karatasi, akaambiwa achore. Akachora. Alichora askari wakimenya viazi, askari wakitoana funza, askari wakigombania blanketi. Alichora mapigano pia, pale yalipomkuta. Kila wiki michoro yake ilichapwa kwenye Gazeti la Mahandaki na kubandikwa kwenye mbao za masoko kote nyuma ya vita, watu waone.

Sharti lilikuwa moja: asichore uso. Nyigu wa kwanza walikuwa wakiwatambua watu kwa sura, na makao makuu hayakutaka kumpa adui sura hata ya mpishi. Askari wenyewe walijifunga vitambaa na kujipaka matope hadi machoni, na kwa muda nyigu wakawa vipofu, wanazunguka tu. Jeshi likasherehekea.

Lakini Ambakisye alikuwa fundi wa kuchora vichwa, na kunyang'anywa nyuso kulimuuma. Akatafuta njia. Akagundua kwamba mama hahitaji uso kumjua mwanawe. Anamjua akiwa bado kule kilimani, kwa anavyokuja tu. Ndipo akaanzisha *kupita*. Kila zamu ilipokwenda mbele, askari walipita mmoja mmoja mbele yake, naye akamchora kila mtu kwenye ukanda mrefu wa karatasi, hatua baada ya hatua, mguu ukiinuka, mguu ukitua. Hakuweka uso wala jina, na wala havikuhitajika. Mama yake Lutengano alisimama mbele ya ubao wa soko la Njiapanda, akapiga kofi, akasema, "Huyo hapo mwanangu! Tena amenenepa!" Habari ilipofika handakini watu walicheka hadi wakashikana mbavu.

Ikawa askari hakubali kwenda zamu bila kupita. Ikawa bahati yao. Na adui, kama mtu mwingine yeyote, alikuwa akisoma gazeti.

Hayo Ambakisye angeweza kujisamehe, kwa sababu hakuyajua. Lisilosameheka lilikuwa lingine. Siku alipouawa Sajini Mwampamba, nyigu alipita juu ya msururu wa watu waliojifunga sawasawa, wamepakwa matope sawasawa, akamchomoa sajini peke yake katikati kama mtu anayechagua embe sokoni. Na sajini ndiye aliyekuwa ukurasa wa mbele wa wiki ile. Ambakisye aliliona hilo. Lilimjia wazi kabisa, akiwa ameshika bakuli la uji. Lakini alasiri hiyo hiyo dereva wa chakula alimwambia kwamba Njiapanda watu walipanga foleni kwenye mvua kutazama michoro yake. Kwenye mvua! Ambakisye akajiambia ni bahati mbaya tu, vita ni vita. Akachonga penseli. Kesho yake akamchora Lutengano.

*

"Afande, nifunge," alimwambia Kapteni Sekela walipotoka ghalani na kuingia kwenye handaki lake. "Mimi ndiye niliyewaua. Na nilihisi mapema, nikanyamaza."

Kapteni alikuwa anavua glavu.

"Ulihisi?"

"Ndiyo, afande. Tangu kwa Mwampamba."

Ungedhani angempiga. Alikaa juu ya sanduku la risasi, akajifuta uso kwa kiganja. "Ningekuwa na nafasi ya kukuchukia, Ambakisye, ningekuchukia vizuri sana. Sina. Nina majeruhi wamelala juu ya majani ya pareto, wengine vidonda vimeanza kunuka. Hospitali iko ng'ambo ya bonde, na bonde limejaa nyigu. Nikufunge ili iweje?"

Kapteni alizikunja glavu, akaendelea.

"Mkulima mmoja mmoja akipita bondeni wanamwacha. Wakiona kundi, wanashuka kuchungulia, na wakishuka tumekwisha. Lakini Fundi anasema wakiona mwendo wangu mimi, wote wanaacha wanachofanya na kunifuata mimi. Basi wape mimi. Mchore kapteni mwenye koti langu, aliyeumia mguu, ana mwendo mpya. Wataunakili, si wanakuamini? Mwenye mwendo huo atapita juu kwenye ukingo. Sisi tutapita chini."

"Mwenye mwendo huo ni nani, afande?"

"Mgaya."

Mgaya alikuwa mahabusu kwenye banda la kukaushia pareto. Alikimbia lindo, na wenzake wawili wakafa kwa sababu hiyo. Hukumu yake ilijulikana hata kabla ya kusomwa.

"Atakufa hata hivyo," kapteni alisema, kwa sauti ya mtu ambaye amejiambia maneno hayo mara nyingi. "Ataambiwa apeleke ujumbe ng'ambo ya ukingo, akifika amesamehewa."

"Na hatafika."

"Umenisikia."

Na aibu yenyewe ndiyo hii: kitu cha kwanza ambacho Ambakisye alikisikia moyoni hakikuwa hasira wala huruma. Kilikuwa nafuu. Mchoro mmoja tu, mtu mmoja ambaye tayari ni wa kufa, na majeruhi wote wavuke. Deni lake lingepungua. Alitoka na koti la kapteni begani, anatembea upesi, na alikuwa karibu na banda alipoona jinsi alivyokuwa mwepesi. Akasimama pale kwenye matope. Moyo wake ulimtia kinyaa.

*

Mgaya alikuwa kijana mpana wa miguu, mkulima wa viazi. Aliketi kwenye chanja la maua makavu, akipiga chafya.

"Karibu, kaka. Umekuja kunichora kabla hawajanimaliza?"

"Kwa nini ulikimbia, Mgaya?"

"Wote wanataka niseme nilikuwa na malaria." Alichekelea bila furaha. "Niliogopa, kaka. Miguu ikaniondoa. Nilipopata akili nilikuwa kule chini mtoni na wale wawili wamekwisha kufa. Sina maneno mengine." Akapiga chafya tena. "Ni kweli Lutengano naye ameondoka?"

"Ni kweli."

Mgaya alitikisa kichwa. Kisha, bila kuombwa, akainuka, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Bega la kushoto likatangulia. Goti la kulia likachelewa.

Mungu wangu! Ambakisye alishika nguzo ya banda. Alikuwa Lutengano mtupu, aliyetoka tu kuchota maji.

"Tulilala handaki moja," Mgaya alisema. "Unajua alivyokuwa hodari wa kuigiza watu, yule. Kila mchana baada ya ugali alitupitisha wote, kapteni, mpishi, kila mtu, tunacheka mpaka machozi. Mimi nikajifunza kwake. Siku hizi humu ndani natembea kama yeye, naona kama yupo."

"Mwampamba unamweza?"

Mgaya akabinua kifua, akawa Mwampamba.

"Nkundwe?"

Nkundwe hakumpata vizuri. Ambakisye alitoa mfukoni ukanda wa zamani, akamwonyesha: mguu unatupwa nje hivi, kiuno kinabaki nyuma. Mgaya akatazama karatasi, akajaribu tena, na Nkundwe akapita mbele yao akiwa mzima. Ndipo maneno ya Fundi yalipomrudia Ambakisye: akikutana tena na mwendo huo, anaupita. Miendo yote ya waliokufa ilikuwa salama, na yote alikuwa nayo kwenye mfuko wake wa karatasi.

"Na mimi?" aliuliza taratibu. "Lutengano aliwahi kuniiga?"

"Weee! Kila siku ukigeuka. Hukuwahi kuona?" Kwa mara ya kwanza Mgaya alicheka kweli. "Mwigo wako ndio uliokuwa kipenzi chetu."

"Vaa koti hili kwanza. Halafu nionyeshe."

Mgaya akavaa koti la kapteni, akatembea. Mgongo ulijikunja. Shingo ikatangulia mbele ya mwili mzima. Mkono wa kulia ulikumbatia kifua mahali karatasi zinapokaa, na macho hayakutazama njia, yalitazama watu kwa pembeni, kama mwizi anayechagua nyumba ya kuingia. Ambakisye alikuwa amechora jeshi zima na hakuwahi kujiona. Alitamani kukana. Hakuweza, kwa maana alijijua.

"Rudia," alisema, akatoa penseli. "Rudia tena, polepole."

Kiapo kilisema achore alichokiona kwa macho yake. Alichora koti la kapteni likitembea.

*

Kapteni Sekela aliletewa gazeti lilipokwisha kubandikwa kila soko. Akalitazama, akaridhika, akasema Mgaya aletwe apewe ujumbe.

"Ukimtuma huyo, nyigu hawatamtazama," Ambakisye alisema. "Mwendo uliochapwa si wake."

"Unasema nini?"

Hakumjibu kwa maneno. Alitoka mlangoni mwa handaki akaenda hadi kwenye meza yake, akakumbatia karatasi zake kifuani kama kawaida. Kapteni alimtazama akienda. Kisha akatazama gazeti. Kisha akamtazama tena.

"Mpumbavu wee!" alisema kwa sauti ndogo. "Unajua umefanya nini?"

"Najua, afande. Na Mgaya unamhitaji akiwa hai. Hakuna mwingine wa kuwafundisha watu wako kutembea kama waliokufa. Mstari mwekundu hauguswi, Fundi amesema mwenyewe. Kanda zote ninazo."

Kapteni alikuwa mwepesi wa akili. Aliliona jambo lote mara moja. Akaona na lingine. "Mgaya anaweza kukuiga hata wewe. Nimtume yeye kwa mwendo wako."

"Anaweza. Na ukimtuma, mafunzo yatafanywa na nani?" Ambakisye aliziweka karatasi mezani. "Afande, mwendo ni wangu. Niachie."

Kapteni hakusema ndiyo. Aliufungua mlango wa turubai, akaagiza Mgaya aachiliwe.

Walijifunza katika ukungu nyuma ya banda, siku baada ya siku, Mgaya mbele na kanda za Ambakisye zikiwa zimebandikwa ukutani. Mwanzoni watu walitania. Kisha askari mmoja, mdogo wake Nkundwe, alimpata kaka yake sawasawa, mguu ukitupwa nje, kiuno nyuma, akaenda hivyo hadi mwisho wa ukuta na kukaa chini akalia kwa sauti. Baada ya hapo hakuna aliyetania tena. Kapteni mwenyewe alichukua mwendo wa Mwampamba.

*

Asubuhi ya kuvuka, Mgaya alimfunga Ambakisye vifungo vya koti la kapteni.

"Fundi anasema ukinyoosha mgongo tu, ukatembea kama mtu mwingine, watakupita," Mgaya alisema. "Sisi tukishafika ng'ambo, nyoosha, kaka. Nakuomba."

"Wakishakuja hawatanipa nafasi hiyo. Sikiliza. Baada ya leo mwendo wangu nao utakuwa salama. Uutumie." Alijaribu kutabasamu. "Ila usiutie chumvi."

Akapanda ukingoni. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kutoka bondeni, na majani yalikuwa yameganda barafu, yanavunjika chini ya viatu. Chini kulianza kuonekana watu na machela. Nyigu walikuja kutoka upande wa mashariki, wengi, wanavuma. Walimfikia juu ya kichwa. Wakazunguka.

Na Ambakisye hakuweza kutembea.

Miguu ilikwenda, ndiyo, lakini mwendo haukuwa wake. Tangu alipojiona bandani alijua kila kiungo kinavyotakiwa kukaa, na kwa kujua kwake kila kiungo kilikataa. Aliukunja mgongo, ukakunjika kupita kiasi. Aliitanguliza shingo, ikawa kama shingo ya mtu anayeigiza. Nyigu walizunguka mara nyingine, wakasita, na baadhi yao wakaanza kuteremka kuelekea bondeni kwenye machela.

"Hapana!" alipiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi hapa!" Alipunga mikono, na kupunga mikono hakukuwa mwendo wa mtu yeyote. Nyigu wengine wakateremka. Akafikiri: hata hili. Hata kufa sawasawa nimeshindwa, na watakufa tena kwa sababu yangu.

Akatazama chini, na hapo akamwona Lutengano.

Alikuwa mbele ya machela ya kwanza. Bega la kushoto lilitangulia. Goti la kulia lilichelewa kidogo, likafika. Nyuma yake Mwampamba alibinua kifua, na Nkundwe alitupa mguu wake nje kwenye matope, na wengine nyuma yao, wote aliowaua, wakiwabeba walio hai juu ya mabega. Nyigu wa kwanza alishuka juu yao, akawapita mmoja mmoja, hakumgusa yeyote.

Ambakisye alijua ni Mgaya. Alijua, na haikusaidia kitu. Machozi yalimtiririka, na mkono ukaingia kifuani wenyewe kutafuta karatasi, kwa sababu jambo kama lile haliwezi kupita bila kuchorwa. Shingo ilinyooka mbele aone vizuri. Mgongo ukajikunja kulinda ukanda usipate umande. Alitembea pembezoni mwa ukingo, sambamba nao, macho yakiwa kwa pembeni, anachora, hana hili wala lile.

Mvumo ulibadilika. Waliokuwa wameteremka walipaa, wote kwa pamoja, wakageuka upande wake.

Aliwasikia wakija na hakuinua kichwa. Bega alikuwa amelipata, na goti, na mikono iliyoshika machela. Machela ya mwisho ilikuwa inaingia kwenye miti ya ng'ambo. Kilibaki kisigino. Akakichora, akakiwekea kamkia kake.